Tone la Siku Ishirini na Tatu

Tone lilikuwa limechungulia nje ya tundu kiasi cha robo, na lilikuwa limekaa hivyo tangu Jumanne.

"Halijasogea," nikasema.

"Limesogea." Injinia Siwatu hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe chake. "Asubuhi lilikuwa robo kasoro. Wewe Mzee Yona unataka lidondoke kama la bombani."

Hiyo ilikuwa siku ya sita. Pale ukutani, kwenye picha ya hesabu iliyotolewa na kompyuta, tone lilionekana kubwa kama ndama aliyelala, lakini lile lenyewe, la kweli, ni dogo kuliko chembe ya unga wa sembe, na hutoka tunduni kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mashine ya hesabu ilijaza ghorofa nzima ya chini pale tulipofanyia kazi Dodoma, na ukisimama ngazini ulisikia feni zake zikivuma kama mashine ya kusaga nafaka. Mashine yote hiyo ilihitaji siku ishirini na tatu kujua kitu ambacho kikope hufanya kabla hujasema "a".

Mimi si mtu wa hesabu. Darasa la tatu nililisoma mara mbili, Manyoni na Kahama, kwa sababu tulihama. La tano sikulisoma kabisa. La saba nililimalizia nikiwa na ndevu. Maisha yangu nimetengeneza mashine za kuchapa: Tunduma, Kitwe, Lubumbashi, Bukoba, na kila mji uliponichosha niliufungia mlango nikaenda mwingine. Nilivijua vichwa vya mashine zile, vile vyenye matundu madogo ya kurushia wino, jinsi vinavyougua na jinsi vinavyokufa. Ndiyo maana Siwatu alinichukua uzeeni nikae kwenye darubini, nikague vikope vilivyokufa.

Na kikope, huku kwetu, anacho kila mtu. Tangu mbuga za chumvi zikauke na vumbi lake lianze kutembea, macho ya watu kutoka Bahi hadi Mpwapwa yalipoteza lile chozi dogo linalolainisha jicho kila dakika mwenyewe hana habari. Chozi la kulia lilibaki, maana hilo lina tezi yake peke yake, huko juu pembeni mwa jicho. Lakini mtu hawezi kulia kutwa ili aone njia. Ndipo tukashonewa vikope: utepe mwembamba kuliko ukucha wa kitoto kichanga, chini ya ukingo wa kope ya juu, wenye matundu kumi na mawili. Chupa yake ya maji inakaa nyuma ya sikio. Ndani mna kiwambo cha kauri. Umeme unakikunja, kinasukuma maji, matone yanatoka, unaona. Kikitolewa asubuhi, jioni jicho limekauka kama ganda la yai.

Miezi mitatu nyuma viwambo vilianza kupasuka. Kiwambo kikipasuka, vigae vyake vinatoka na maji vinakwenda kuchana jicho. Watu tisa walipofuka. Wote tisa walisimulia jambo moja: kwanza walisikia kichwani mlio mdogo, kama chembe ya chumvi iliyorushwa motoni.

Niliviweka vile vikope chini ya darubini. Kila kimoja usoni kilikuwa na mduara mweupe wa chumvi.

"Hawa walikuwa na msiba," nilimwambia Siwatu.

"Umejuaje?"

"Hawakujifuta."

Yeye ni mtu wa Pangani, ilibidi nimweleze. Tangu macho yakauke, chozi huku limekuwa kitu cha heshima. Mtu akifiwa, halifuti. Analiacha lishuke, likae, likauke lenyewe juu ya ngozi, na mpaka mazishi yaishe hakuna mkono unaogusa uso. Ukijifuta watu watakuuliza marehemu alikukosea nini. Waliobuni vikope walivijaribu kwa watu walioketi kwenye viti vizuri, wamepewa na soda, uso mkavu. Na ule mfano wa kompyuta uliovipitisha nao ulikuwa na uso mkavu.

Siwatu hakuamini mpaka nilipotoboa kifuniko cha chupa ya maji kwa pini. Nikaibana chupa: matone yakatoka moja moja, yamenyooka. Nikalowesha kifuniko kwa nje kwa kidole, nikabana tena. Tone halikukatika. Lilitapakaa, likanata, na nilipoilegeza chupa ikavuta hewa, pwii, kiputo kimoja kikapanda.

"Hedi, kile kichwa cha kurushia wino, ikilowa usoni inafanya hivi hivi," nikasema. "Ndiyo maana fundi hakosi kitambaa."

Alilowesha kifuniko mwenyewe, akabana. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma barua mbaya, "Hewa ikiingia, kiwambo hakina kitu cha kukirudishia nguvu. Maji ndiyo yaliyokuwa yanakishika. Ni sawa na kushuka ngazi ukidhani kuna kipandio kimoja zaidi."

"Na nyie hamkuliona hilo kwenye hesabu?"

"Walikokotoa kiwambo kwanza, wakamaliza, ndipo wakakokotoa maji. Walimsikiliza mume, mke hawakumuuliza." Akasimama. "Sasa inabidi waulizane. Kiwambo kinamwambia maji, maji anajibu, hawaelewani, wanarudia. Mara arobaini kwa kila hatua. Hatua ni milioni mbili. Na uso umelowa, na chumvi juu yake."

"Kama usuluhishi wa ndoa."

"Umeshawahi kupelekwa?"

"Mara mbili. Mara ya pili niliondoka kabla wazee hawajatoa jibu."

Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Basi hapo ndipo hesabu ilipoanza, na ndipo tulipofungwa midomo. Iko sheria watu wanayoiita Hesabu Kwanza: neno lolote kuhusu vikope lisitoke kabla ya kukokotolewa. Likitoka, hesabu inasimamishwa, inafutwa, inaanzishwa upya na watu wengine. Mtaiona sheria ya kikatili, lakini mimi nilikuwako Kibaigwa, natengeneza mashine ya mabango, mwaka ule mtu mmoja aliposema redioni kwamba vikope vina sumu. Haikuwa kweli. Watu walivitoa wenyewe kwa vibano vya kung'olea nywele na kwa nyembe. Nilishinda siku mbili nikishika watu mikono kuwavusha barabara. Mmoja alikuwa mwenye lile duka nililokuwa nikitengenezea mashine. Aliniuliza, "Fundi, bado mchana?"

Kwa hiyo siku ya sita nilikuwa nimesimama natazama tone la robo, na watu laki mbili wenye vikope huko nje hawajui, na simu yangu ikaita. Alikuwa Lazaro wa Mpwapwa, kaka yake Damari, mke niliyemwacha. Hakuwa amenipigia kwa miaka.

"Shemeji," akasema. "Damari ametutoka. Alfajiri."

Nikakaa chini.

"Foibe asiambiwe kwenye simu," akaendelea. "Mwambie mama yake anaumwa. Uje naye."

Foibe ni mwanangu kwa Damari. Mwanangu pekee. Anapandikiza zabibu kwenye shamba moja la Hombolo, kazi ya kisu chembamba na macho makali. Anavaa kikope cha toleo lile lile la wale tisa.

*

"Hapana," Siwatu alisema kabla sijauliza.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema. Pole, Mzee Yona. Pole sana, babu yangu. Lakini ukimwambia mwanao, atamwambia mama mdogo, naye atamwambia kwaya nzima. Kesho nitazimiwa mashine. Siku zangu sita zinafutwa, na hao laki mbili wanaanza kungoja upya."

"Nitamwambia ajifute tu. Neno moja."

"Na una hakika kujifuta kunasaidia?" Alikuja akasimama mbele yangu. "Labda kitambaa kinasukuma hewa ndani. Labda kinachubua ukingo wa tundu. Labda wale tisa ni wale waliojifuta kwa siri! Sijui. Wewe unajua?"

"Kwenye wino najua."

"Hili si wino."

"Basi kiondoe chake, umwekee kingine."

"Vingine ni toleo hilo hilo. Na daktari hawezi kukigusa bila hukumu ya mfano. Mfano ndio huo." Akaonyesha ukutani. Tone lilikuwa palepale, linang'aa, halijali. "Unadhani mimi sitamani kuliingia nikalisukuma kwa kidole?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Yeye hana kikope, wa Pangani hawakukauka. Alijifuta kwa kiganja, haraka, bila kufikiri, na tukaangaliana.

*

Treni ya kwenda Gulwe iliondoka saa tatu asubuhi ya siku ya saba. Foibe alinikuta stesheni. Ana miaka thelathini na minne na vidole gumba vya kijani visivyotakata. Ananiita Mzee Yona, kama watu wengine.

"Anaumwa nini?" aliuliza hata hatujakaa.

"Anaumwa tu."

"Kwani nilipoongea naye Jumapili alikuwa anamgombeza fundi wa paa."

"Ugonjwa hauna hodi."

Akanitazama. Nje mashamba ya zabibu yakapita, halafu nchi nyeupe ya chumvi, madirisha yote yamefungwa. Alitoa karanga, akanigawia, akamenya zake moja moja na kisu cha kazi kana kwamba zina vichipukizi vya kupandikiza. Kila mtu huku anajua maana ya "mama yako anaumwa, njoo". Anayesema anajua, anayeambiwa anajua, na bado wote wawili mnaishikilia mpaka mlangoni, kama watu wawili mnaobeba kabati. Ni njia ya kumpa mtu safari ya kukaa na matumaini yake. Mimi safari hiyo niliiharibu.

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nilinyamaza mpaka Igandu. Halafu nikaona kope zake zikishuka na kupanda, maji yale madogo yakimeta, na nikaanza kutega sikio. Mlio ule hausikiki nje, unasikika kwa mwenyewe tu, najua. Lakini nilitega.

"Foibe. Nikikuomba kitu utanifanyia?"

"Kitategemea."

"Ukija kujisikia kulia, kwa jambo lolote, ujifute. Hapo hapo. Usiliache likae."

Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo amekufa," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema nijifute." Sauti yake haikupanda. "Mtu anaambiwa ajifute kwa kitu gani kingine?"

Mama mmoja kiti cha pili aliacha kusuka ukili wake, kisha akajifanya anaendelea.

"Uliondoka nikiwa na miaka sita," Foibe akasema. "Mama alisema umekwenda Kitwe kutengeneza mashine, utarudi mvua zikianza. Leo umerudi, unaniambia nisimlilie."

Basi nikamwambia yote. Niliinama nikamnong'oneza sikioni kama mwizi: chumvi, hewa, kiwambo, wale tisa, sheria, tone la robo. Nilipomaliza aliuliza maswali matatu tu. Ni mtu wa kazi.

"Nikijifuta nitakuwa salama?"

"Sijui."

"Nikiacha bila kufuta nitapofuka?"

"Sijui. Wengine wanalia misibani na hawapati kitu. Tisa wamepata."

"Mtajua lini?"

"Baada ya siku kumi na sita."

Akakifuta kisu kwa kanga, akakikunja. Alianza kuvuta pumzi kwa mdomo, polepole, kama mtu aliyetwikwa ndoo iliyojaa mpaka ukingoni.

"Basi nitamlilia siku ya kumi na saba," akasema. Na toka hapo mpaka Gulwe hakunitazama tena.

*

Tulimzika Damari kesho yake mchana. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Nilisahau kwamba wengine wanakaa mahali pamoja mpaka wanajulikana.

Wanawake waliketi mikekani, nyuso zimelowa mpaka shingoni, zinang'aa juani, hakuna mkono unaoinuka. Ni kitu kizuri, sitasema uongo. Katikati yao aliketi Foibe, uso mkavu kama sahani iliyofutwa. Anavuta pumzi kwa mdomo.

Perisi, dada mkubwa wa Damari, alivumilia kwa saa moja hivi.

"Wewe mtoto," akasema, kwa sauti ya kusikika na majirani. "Hivyo vikope umevizima?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Au huko kwenye zabibu mnalia kwa msimu?"

Kuna waliocheka chinichini. Foibe akaitazama mikono yake. Aliweza kusema: nimekatazwa, mtu huyu hapa ndiye aliyenikataza. Hakusema. Alinitunzia siri yangu mbele ya maiti ya mama yake, na sijui ni kwa nini.

Kisha Lazaro akaniita niseme neno, kama baba wa mtoto. Nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na nyuso kama arobaini zilizolowa. Arobaini mara matundu ishirini na manne, ndivyo nilivyofikiri, wala si mambo ya Damari. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, lilikuwa ulimini: jifuteni. Nikaona vibano na nyembe. Nikasikia, "Fundi, bado mchana?" Nikaona ule ukuta na tone likirudishwa ndani ya tundu, siku ya kwanza, upya. Na ndani kabisa kulikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu: sikuwa na hakika. Ningewafuta machozi yao ya msiba, niwavunjie heshima yao, halafu niwe nimewapofusha mimi?

"Damari," nilisema, "alikuwa akipika ugali anauacha ukoko makusudi, kwa sababu aliniona naupenda. Aliuacha hata nilipokuwa sipo. Foibe aliwahi kuniambia."

Nikakaa. Hilo ndilo neno nililolisema.

Na hapo yakaja. Sikuyaita. Kwa miaka ishirini na nane sikumlilia mwanamke yule na sasa yalishuka kama yaliyovunjiwa mlango. Mimi nami nina vikope, toleo lile lile. Nilitoa kitambaa changu cha kazi, kile cha pamba kisichoacha nyuzi, nikafuta jicho la kuume. Nikaliacha la kushoto. Likashuka tena, nikafuta la kuume, nikaacha la kushoto. Nilifanya hivyo mpaka kaburi likafukiwa.

Minong'ono nikaisikia vizuri.

"Tazama. Anamlilia nusu."

"Hata kumuoa alimuoa nusu."

Aliyejibu ni Perisi. Niliona haya, lakini niliendelea. Hesabu ya Siwatu ilikuwa na ghorofa nzima ya mashine. Yangu ilikuwa na macho mawili.

*

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwa Lazaro nachambua maharage. Nikasikia mlio. Kama chembe ya chumvi motoni, kweli, hawakukosea. Upande wa kushoto.

Nilikaa vile vile na ungo mapajani. Unajua kilichotokea na hakuna cha kufanya. Ukipepesa, vigae vinachana, na usipopepesa, unapepesa tu. Walinipeleka zahanati wakaliosha, wakaondoa kikope kilichopasuka, wakalifunga. Mhudumu alisema jicho hilo nisilitegemee tena.

Kwenye benchi la zahanati nilimkuta Perisi. Kwake ni macho yote mawili, tangu jana yake. Alikuwa ameketi wima, kanga imekunjwa vizuri, kama anayengoja treni.

"Nani huyo?" akauliza.

"Yona."

"Aa. Wewe wa nusu." Akanigeuzia uso. "Ulikuwa unajua kitu, shemeji. Pale. Nilikuona ulivyosimama."

Angenitukana ningeshukuru.

Nilimpigia Siwatu nikiwa nje, nimeegemea ukuta.

"Kikope cha kushoto kimepasuka," nikamwambia. "Jicho hilo nililiacha na chozi. La kuume nililifuta kila lilipolowa. La kuume linaona."

Nilisikia feni zake zikivuma.

"Jicho moja la mzee mmoja si hesabu," akasema mwishowe.

"Najua."

"Siwezi hata kuliandika. Nikiliandika watauliza ulijuaje ufute."

"Najua, mama."

"Mzee Yona." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Limefika nusu. Linaanza kuwa na shingo. Zimebaki siku kumi na mbili. Naomba usi..." Hakumalizia. Nadhani hakujua aniombe nini. Aniombe nisiseme, Jumamosi kulikuwa na misiba mitatu kwenye bonde lile peke yake. Aniombe niseme, laki mbili wangeanza kungoja upya, na nyembe ziko kila duka.

Nilirudi nyumbani kwa Damari kwa miguu. Jicho moja halijui umbali. Nilijikwaa kwenye vizingiti ambavyo niliviona, nikainua mguu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Foibe alikuwa upande wa nyuma, anapanga vitu vya mama yake. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kopo la rangi lililojazwa udongo. Ndani ya kopo kulikuwa na kijiti cha mzabibu, kimefungwa utepe katikati.

"Nilimpa mwaka juzi," akasema bila kugeuka. "Nilipandikiza vibaya, nilikuwa na haraka. Nikamwambia akitupe, hakitashika." Akagusa juu ya utepe. Palikuwa na kichipukizi, majani mawili, makubwa kama masikio ya panya. "Kimeshika. Hakuniambia kwamba hajakitupa."

Akageuka, akaiona bandeji. Aliitazama kwa muda. Akatazama jicho langu la kuume. Ni mtu wa kazi, hakuhitaji kuelezwa lipi lilikuwa limefutwa na lipi halikufutwa.

"Baba," akasema. Tangu stesheni ya Dodoma, na miaka mingi kabla ya hapo, ilikuwa mara ya kwanza. "Siku ya kumi na saba ni mbali."

"Ni mbali."

"Siwezi."

"Ngoja nioshe mikono."

Niliosha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kitambaa nilikuwa nimekichemsha asubuhi. Nikapiga magoti mbele yake. Hedi haisuguliwi, kijana yeyote wa karakana anajua: unaigusa upande mmoja, kitambaa kinakunywa chenyewe, unainua, hurudishi nyuma kamwe. Hivyo ndivyo ninavyojua. Sijui kama jicho la mwanangu ni hedi. Sijui kama uzima wa jicho langu ulitokana na kitambaa au na bahati. Dodoma tone lilikuwa limeanza kuwa na shingo.

Aliacha kuvuta pumzi kwa mdomo, na uso wake ukavunjika.

La kwanza likashuka. Nikapeleka mkono, nikagusa hewa. Nikapeleka mbele zaidi, nikalipata. Nikagusa, nikainua. Alikuwa anatetemeka mpaka kopo likawa linagonga sakafu, na mimi nikamwambia atulie, halafu nikamwambia asitulie, alie, alie tu mama yangu, nipo. Neno hilo, nipo, nililisema kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Likaja jingine. Nikafuta, nikamtazama nione kama amesikia ule mlio.

"Bado," akasema.

Likaja jingine. Nikafuta.

"Bado."